Mzee Aliyeniuliza Tarehe

Desemba 2009 nilikuwa mwanafunzi Freiburg, kusini mwa Ujerumani. Kila nilipokwenda maabara nilipita kando ya gereza, kwa maana liko mjini kabisa, jirani na majengo ya chuo kikuu. Nilikuwa nimeuzoea ukuta ule kiasi cha kutouona tena. Kisha kwaya ya kanisa letu ikaalikwa kwenda kuwaimbia wafungwa wiki ya Krismasi.

Tulipomaliza kuimba tuliruhusiwa kunywa nao kahawa. Mzee mmoja mwenye mvi, shati lake limenyooshwa vizuri, akaja kuketi nami. Akauliza nimetoka wapi. Moshi, Tanzania, nikamjibu. Akauliza nitakaa Ujerumani hadi lini.

"Kibali changu kinaisha tarehe 30 Septemba."

"Una tarehe," akasema, akairudia polepole: "Tarehe 30 Septemba."

Nikadhani amefungwa maisha. Kumbe kifungo chake, miaka tisa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kilikwisha mwaka 1996. Alinieleza kosa lake bila kulipunguza: aliingia dukani na bastola, akampiga muuzaji, mwanamke, hadi akazimia. Na haikuwa mara yake ya kwanza kuiba kwa nguvu. Kwa hiyo mahakama ilipomhukumu iliweka juu ya kifungo amri nyingine, kwamba akimaliza aendelee kuzuiliwa ili watu wa nje wawe salama. Wajerumani huiita Sicherungsverwahrung; mle ndani wanasema SV tu. Sheria hiyo ilitungwa Novemba 1933, mwaka wa kwanza wa utawala wa Hitler, nayo ikabaki baada yake.

Kwa aliyewekewa amri hiyo mara ya kwanza, mwisho ulikuwa miaka 10. Mzee angetoka 2006. Lakini mwaka 1998 kikomo kile kiliondolewa, hata kwa waliokuwa wamehukumiwa zamani.

"Nilikuwa nimebakiza miaka minane," akasema. "Kalenda nilikuwa nimeichora mwenyewe. Nikaibandua ukutani."

Tangu hapo kila miaka miwili mahakama iliangalia kama bado ni mtu wa hatari, na kila mara jibu lilikuwa ndiyo. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Tarehe 17 ya mwezi uleule, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg ilikuwa imeamua, katika kesi ya mtu mwingine aliyekuwa katika hali kama yake, kwamba kumwongezea mtu muda kwa namna ile ni kumwadhibu kwa sheria ambayo haikuwepo alipotenda kosa. Mikono ilimtetemeka alipokuwa akikikunja tena.

Usiku nilimpigia mama. Nilikuwa na hasira, na nilimsimulia kwa hasira. Mimi naamini mtu afungwe kwa alilolitenda, na akishalilipa afunguliwe mlango. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Amemaliza kifungo na bado yumo?"

"Bado yumo, mama."

"Hiyo si haki." Akanyamaza kidogo. "Na yule mama wa dukani, mwanangu? Alipona?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikaa na mzee yule karibu saa nzima, nikauliza habari za kalenda na za mahakama. Za mwanamke yule halikunijia swali hata moja.

Mwaka 2010 baadhi ya wanaume wa SV waliachiliwa pale Freiburg, polisi wakiwafuata mchana na usiku. Watu waliogopa, na sikuwalaumu. Mimi kila nilipoona mzee mwenye mvi kituoni au sokoni nilimtazama usoni. Swali la mama nilikuwa nalo tayari, nimekwisha kulitafsiri kwa Kijerumani. Kibali changu kikafika tarehe yake, nikakihuisha kwa mwaka mwingine. Yeye sikumwona tena.