Kukagua mashua nyepesi ya plaiwudi kabla ya kuinunua

Mwaka 1973, Ragtime, mashua ya plaiwudi iliyobuniwa na John Spencer wa New Zealand, ilitangulia kufika Honolulu katika Transpac, mbio za mashua za matanga kutoka California hadi Hawaii. Mashua za namna hii hukimbia kwa sababu ya wepesi. Kwa hiyo anayetaka ya zamani, ya kushindania na kulala ndani wikendi, aulize kwanza: imeongezeka kilo ngapi?

Ining'inize kwenye kreni yenye mizani, ulinganishe na uzito wa kwenye michoro. Ziada mara nyingi ni rangi juu ya rangi, viraka vya faibaglasi, na maji yaliyonywewa na mbao. Hayo ya mwisho ndiyo ya kuogopa.

Gonga ganda lote kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu hauna shida. Mlio uliofifia ni dalili ya kuoza au tabaka kuachana. Sumbuka zaidi chini ya vifaa vya sitaha, kwenye vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti na chini ya viambaza (kuta za ndani). Plaiwudi hunywa maji kupitia kingo na matundu. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua) huozesha kuliko ya chumvi, maana ukungu wa kuozesha mbao hauipendi chumvi.

Sehemu mbovu ikatwe hadi kwenye mbao nzima, ikaushwe, kisha kingo zichongwe mteremko wa 1:8. Plaiwudi ya milimita 9 inataka mteremko wa urefu wa milimita 72. Paka gundi ya epoksi nyepesi hadi nyuzi za mbao zishibe, ndipo uweke iliyokolezwa kwa unga wa silika. Ukibana kiraka kipya kupita kiasi, gundi yote hukamuka na kiungo hubaki kikavu. Resini ya poliesta isiguse kazi hii: haishiki mbao vizuri, itabanduka. Epoksi nayo huharibiwa na jua, hivyo ifunike kwa rangi au vanishi yenye kinga.

Ukiona ufa pale mkuku (uti mzito wa chini ya mashua) unapokutana na ganda, usikimbilie kukaza nati. Chomoa boliti moja ya mkuku uitazame; chuma cha pua kikilowa bila kupata hewa huliwa pasipo kuonekana. Kagua pia mataruma (mbavu za mashua) ya hapo, kwani ndiyo yanayosambaza mzigo wa mkuku kwenye ganda jembamba.

Kuhusu wikendi: lita 100 za maji ni kilo 100. Mizigo ikae chini, katikati, karibu na mkuku, wala si omo (mbele) au tezi (nyuma). Farumi nyingine, yaani uzito wa kuituliza mashua, ni watu wenyewe, wakae upande wa joshini, unakotoka upepo. Mashua ikiinama kupita nyuzi 20 hivi, punguza tanga kuu.