Siku moja katika masjala yenye makabati 14

Saa 1:15 asubuhi nafungua mlango wa masjala, yaani sehemu ya kutunzia majalada ya ofisi, na harufu ya karatasi zilizonyonya unyevu wa bahari usiku kucha inanipokea kabla sijawasha taa. Ofisi yetu ipo Lindi mjini, karibu na ufukwe. Masjala ninayoisimamia ina makabati 14 ya chuma, mawili kati yake yakiwa ukumbini, mahali ambapo wananchi walipaswa kukaa wakisubiri huduma. Mkuu wetu anataka kuomba fedha za kukodi chumba kingine. Nilimwomba anipe siku moja ya kupima kabla hajasaini ombi hilo, naye amenipa ya leo.

Saa 2:00 naanza kazi na futi kamba. Kabati la droo nne lina upana wa sentimita 46 na kina cha sentimita 62, lakini linakula nafasi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu droo ikivutwa hutoka sentimita nyingine 60 na anayeivuta naye anahitaji pa kusimama. Kwa hiyo kila kabati linashika takriban mita za mraba 0.8 za sakafu ili kubeba mita 2.4 tu za majalada yakipangwa kwa mstari. Rafu ya wazi yenye upana wa sentimita 90 na ngazi sita inabeba mita 5.4, na njia moja inatosha kuhudumia rafu za pande zote mbili.

Saa 3:20 anaingia mzee anayefuatilia barua ya kiwanja chake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hii ni mara yangu ya tatu.”

Jalada lake tunalipata baada ya dakika 35, likiwa limebanwa kati ya majalada mawili yaliyofungwa mwaka 2006. Muda wote huo mzee alikuwa amesimama, kwa kuwa pa kuweka benchi pana kabati. Jambo hili liliniuma, na ndilo lililonifanya nisipumzike hadi mchana.

Tangu saa 4:00 napitia droo moja baada ya nyingine pamoja na binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka Chuo cha Utumishi wa Umma, Kampasi ya Mtwara. Yeye anasoma tarehe ya folio ya mwisho, yaani karatasi ya mwisho kuwekwa katika jalada, mimi naandika. Droo ya tatu ya kabati la tisa ina waraka mmoja kuhusu likizo, nakala yake ikiwa imewekwa katika majalada saba tofauti, na katika jalada la saba pini imeshika kutu hadi imetoboa karatasi na kuacha duara la kahawia lililopenya kurasa nne. Katika droo nyingine binti ananionyesha jalada la mwaka 1969 lenye anwani ya Mkoa wa Mtwara. “Dada, hili limepotea njia?” Namweleza kwamba Lindi ilikuwa sehemu ya mkoa huo hadi mwaka 1971, na kwamba jalada la aina hiyo linastahili kupelekwa kwenye nyaraka za taifa badala ya kuozea hapa.

Tunapofika saa 7:00 jumla imepatikana. Kati ya mita 33 za majalada, mita 19 hazijaguswa kwa zaidi ya miaka mitatu, na zinazofanya kazi ni mita 14 tu.

Nakula wali na samaki upesi, kisha nampigia fundi wa kuchomelea. Nataka rafu za chuma kwa sababu mbao huku huita mchwa, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, na ngazi ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, maana masika yaliyopita maji yaliingia mlangoni. Namsisitizia habari ya uzito: rimu moja ya A4 ina takriban kilo 2.5 na unene wa sentimita 5 hivi, hivyo mita moja ya karatasi zilizoshonana inaweza kufikia kilo 50. Rafu nyembamba itapinda kabla ya mwaka kwisha.

Saa 8:30 nakaa na mkuu.

“Mama, rafu nne zinatubebea mita 21.6. Tunaongeza mita mbili hivi kwa mwaka, kwa hiyo tuna nafasi ya miaka mitatu na zaidi.”

Anauliza kwa nini tusichome hayo ya zamani leo leo. Namkumbusha Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002: hakuna kinachoteketezwa bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Tutaorodhesha, tutayafunga katika maboksi yenye lebo, tutayaweka katika stoo kavu ya nyuma na kuandika barua. Anauliza pia kuhusu kuskani kila kitu. Kwa maoni yangu, kuskani kabla ya kuchambua ni kulipia uhifadhi wa nakala saba za waraka uleule.

Anaikunja rasimu ya ombi la kukodi chumba na kuiweka pembeni, kisha anaomba makadirio ya fundi yawe mezani kesho.

Saa 9:30 watumishi wengine wanatoka. Mimi na binti tunaliondoa kabati la kwanza ukumbini, likiwa tupu, na mahali pake tunaweka benchi.