Arusha Hadi Dodoma Bila Kupita Chalinze

Kila anayekatiza katikati ya mji wa Arusha ameshasikia kwamba Mnara wa Saa umesimama nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Sijawahi kukutana na aliyepima, lakini maneno hayo yamewalisha waongoza watalii wetu kwa miaka mingi, nami sina nia ya kuwaharibia. Ninachokumbuka mimi ni kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, barabara hiyo kuu ya kuelekea kusini, inayounganisha mikoa ya Arusha, Manyara, Dodoma na Iringa, ilikuwa nzuri zaidi kwenye ramani kuliko chini ya matairi.

Lami yenyewe ilikuwapo kwa vipande. Ukitoka Arusha ulipita Kisongo na kufika Makuyuni, ambako magari ya watalii hukunja kulia kuelekea Mto wa Mbu na Karatu, na wewe ukaendelea kuelekea Minjingu huku mibuyu ikianza kujitokeza kandokando. Shida kubwa ilikuwa mbele ya Babati, pale njia inapopanda kuelekea Bereko kabla ya kuteremka Kolo na Kondoa. Udongo wa huko ni mwekundu, na masika yakishika huteleza kama sabuni.

Mwezi Aprili 2009 nilikwenda Dodoma kumtazama dada yangu aliyekuwa amejifungua, nikaamua kupita huko kwa sababu wengi wetu tulizunguka Moshi, Korogwe, Chalinze na Morogoro, safari inayokaribia kuwa mara mbili ya umbali. Basi lilizama saa kumi jioni. Utingo alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akakata matawi na kuyatandika chini ya tairi la nyuma, lakini kila dereva alipokanyaga mafuta tairi liliyameza matawi na kututapikia tope. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amebeba dumu la mafuta ya alizeti aliniambia, "Mwanangu, kaa chini upumzike, gari hili ni la kesho." Ikawa kweli.

Baadaye nilipata kufahamu kwamba tope hilo lilikuwa limewashinda wakubwa kuliko sisi. Mwezi Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Jacob van Deventer aliongoza wanajeshi wa Afrika Kusini kutoka Arusha, akauteka mlima Lolkisale na kufika Kondoa katikati ya masika. Mvua ilikata njia nyuma yake, farasi wakafa kwa wingi, chakula kikawa cha shida, na mwezi uliofuata Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakamshambulia hapo hapo Kondoa, ingawa hawakufanikiwa kumtoa. Zaidi ya miaka 90 baadaye utingo wetu alikuwa bado anapigana na adui yule yule kwa panga na matawi.

Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, halafu sisi wa kaskazini tukaendelea kuyafikia makao makuu hayo kwa kuzunguka karibu na pwani. Kilomita 251 za lami kati ya Dodoma na Babati, zilizojengwa kwa vipande kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani, zilizinduliwa na Rais Magufuli mwezi Aprili 2018, na kwa maoni yangu hakuna kitu kilichousogeza mkoa wetu karibu na Serikali kuliko hicho.

Siku hizi kero ni nyingine. Matuta ni mengi, na kwenye vibao vya 50 trafiki hukaa kivulini na tochi zao, kiasi kwamba madereva wanaopishana huonyana kwa taa. Hata hivyo, nikipanda basi saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana huwa nimeshashuka Dodoma. Dada yangu bado hajaizoea barabara hii: huwa anapanga kuinjika sufuria jioni, nami humkuta mchana akiwa bado kazini, nikasubiri kwenye ngazi pamoja na mpwa wangu, yule aliyezaliwa mwaka ule wa tope, ambaye ufunguo wa nyumba huusahau kila mara.