Injini ilinoki mara mbili ndo nikajua adui yangu nani

Niseme mapema, mi sio fundi. Mi nauza spea za injini za boti hapa Mwanza, pale Kirumba karibu na Mwaloni, hizi Yamaha za wavuvi, plagi, propela, gasketi, na kwa vile nashinda nazo kuanzia asubuhi nikajidanganya kwamba injini ni injini tu. Kumbe mashine ya boti ya stroki mbili na Subaru Forester yenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, ni ndugu wa mbali sana, hawazikani.

Gari yangu ni ile Forester ya muundo wa SG5 ya mwaka 2004, injini EJ205, cc 1,994, na wakati mambo yanaharibika dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 246,000, ila kule Japani ilitembea ngapi kabla haijaguswa guswa anajua Mungu. Nilipoinunua, kijiweni waliniambia umeoa mke wa pili. Nikacheka. Sasa hivi sicheki.

Ilianza siku moja jioni napandisha Kilimahewa, nimebeba watu wanne na gunia la viazi, nasikia kwa mbali tok tok tok, ndo injini kunoki huko, vyuma vinagongana ndani. Nikizima redio nasikia, nikiachia mafuta inapotea, nikikanyaga inarudi. Nikapima oili, stiki ikatoka kavu karibu yote. Hapa nikubali kosa langu, hii injini inakula oili kidogo kidogo na mimi nilikuwa napima pale tu ninapoenda kumwaga, yaani kila kilomita elfu tano au sita, wakati mashine yenyewe inabeba lita nne na kitu tu. Ikipungua lita moja na nusu halafu upo kwenye kona ya mlima, bomba la kunyonya oili linavuta hewa, na bering ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), haijui kusubiri.

Basi ushauri ukamiminika. Mmoja akasema weka oili nzito ya malori itanyamaza. Mwingine akasema toa turbo, ziba, tembea kama watu wengine. Wa tatu akasema ng'oa yote weka injini ya Toyota. Nikaweka ile nzito, kweli ikanyamaza siku tisa, siku ya kumi ikaanza kupiga kama mtu anaponda mihogo. Kuweka oili nzito kwenye bering iliyokwisha ni kumpa panadol mtu aliyevunjika mguu, anatulia kidogo anajaribu kutembea ndo anamalizia mfupa. Na hilo la kutoa turbo msidanganyike, pistoni za injini hii zimetengenezwa na mgandamizo mdogo, kama nane kwa moja, kwa sababu zinategemea turbo isukume hewa. Ukiitoa unabaki na ng'ombe mgonjwa anayekunywa mafuta yaleyale.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja, sitamtaja, kwanza ni jirani na pili alitafuta riziki yake kwa moyo mmoja. Bei alinipa nzuri sana na hiyo ilitakiwa inishtue. Injini ikashushwa, hedi zikatolewa, sasa ikabaki kupasua bloki. Hizi EJ zimelala, pistoni mbili kulia mbili kushoto, na bloki ni vipande viwili vinavyokutana katikati vikibana krenki. Fundi wetu alishazoea Toyota za kusimama, unafungua sampu, lile sinia la oili chini, unafungua kofia za konrodi, unasukuma pistoni juu, chai. Hapa akafungua bolti zote, akagonga kwa nyundo ya mpira, bloki haiachii. Akaja na nyundo ya chuma na kipande cha mbao. Haiachii. Akaita wenzake wawili wakashika huku na huku wanavuta kama wanaachanisha mbwa. Mimi nimekaa kwenye tairi natoa maoni ya kitaalamu, nikasema labda imeshikwa na gundi, fundi akaamini, akamwagia petroli. Saa nane mchana hadi magharibi. Watoto wa shule wanapita wanasimama kuangalia.

Kesho yake kijana mmoja anayejifunza kazi pale, hata mshahara halipwi, akaangalia video usiku kwa bando lake, akaja akasema fundi samahani, hizi pini za pistoni lazima zitoke kwanza. Kumbe mwilini mwa bloki, mbele na nyuma, kuna vifuniko, unavifungua, unazungusha krenki mpaka pini ikae sawa na tundu, unaingiza koleo refu unatoa kile kiringi kinachoizuia, ndo unavuta pini. Pistoni inabaki kwenye silinda, konrodi inaenda na krenki, bloki inaachia yenyewe bila hata kofi. Dakika arobaini. Fundi akamwambia kijana, nilikuwa nakupima kama unajua.

Bering ya konrodi namba tatu ilikuwa imekwisha kabisa imebaki kama karatasi ya biskuti, na krenki ina michirizi. Tukaipeleka ikasagwa, zikawekwa bering nene kidogo, ringi mpya, gasketi za hedi mpya, bloki ikaoshwa na dizeli. Yote kwa yote kama milioni moja na nusu, sikumbuki vizuri maana nilikuwa natoa kidogo kidogo na nyingine nilimkata mama watoto kwenye hela ya bati. Ikawaka. Aisee ilikuwa tamu. Nikampigia simu kila aliyeniambia niuze kwa kilo.

Siku kumi na nane.

Ya kumi na tisa naenda Geita kumpelekea mteja gia ya boti. Enzi hizo daraja la Kigongo na Busisi bado halijafunguliwa, unapanga foleni ya kivuko. Nimevuka salama, natafuta Sengerema, taa ya oili ikaniangalia mara moja, ikazima, ikawaka tena, na kabla sijaegesha nikasikia ule mlio. Tok tok tok. Nikajua. Nikakaa ndani ya gari na vioo juu, jua lote lile, sitaki hata kushuka. Nikavutwa na Canter iliyobeba mananasi mpaka Busisi, tukapanda kivuko tumefungwa kamba, na upande wa pili ilibidi wasukume watu kama kumi wageni kabisa, mmoja anauliza hii si ndo ile Subaru yenye turbo? Ndiyo, ndo hiyo, sukuma.

Fundi akasema nimeikimbiza kabla haijazoea. Labda. Lakini safari hii nilikuwa na hasira, nikaenda kwa mzee mmoja pale Mwaloni anayetengeneza mashine za boti kubwa, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mara ya kwanza ilinoki?"

"Ndiyo mzee."

"Mkafungua mkaosha. Oili kula mlifanyaje?"

Nikamwambia tuliifuta kwa nje. Akaniangalia, hakusema kitu. Akasema niilete. Oili kula (oil cooler) ni kile kidude kama kopo kinachokaa kati ya bloki na filta ya oili, maji yanapita upande mmoja oili upande mwingine ili ipoe. Akamimina petroli ndani, akaziba matundu kwa vidole, akatikisa kama anatikisa mtindi, akamwaga juu ya kanga nyeupe kuukuu. Jamani. Kanga iling'aa kama mchanga wa wachimbaji wa Geita. Vumbi la bering ya kwanza lote lilikuwa limejificha humo, na sisi tukafunga injini mpya tukaisukumia tope la chuma kuanzia dakika ya kwanza. Oili kula, jina lenyewe linajieleza, imekula injini yangu. Akatikisa mara tatu nyingine bado inatoa. Akasema hii haioshwi, tupa, nunua nyingine.

Kwa hiyo ukitaka kitu kimoja tu katika maneno yangu yote haya chukua hicho. Injini ya turbo ikinoki kila njia ya oili ni mshukiwa, oili kula, bomba la kunyonya kwenye sampu, mabomba ya kwenda kwenye turbo. Yangu ilikuwa pia na kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo, kadogo kama cha kuchujia chai ya mtoto mchanga, kilikuwa kimeziba nusu. Shafti ya turbo inazunguka mara laki na zaidi kwa dakika na haikai kwenye bering za gololi, yangu inaelea kwenye oili, sasa ukiinyima oili inaelea kwenye nini?

Sikutaka tena kupasua. Krenki ilishasagwa mara moja, nikaamua kununua injini ya mtumba kutoka Dar. Ukijumlisha na usafiri wa basi ni milioni tatu na ushee, na waranti ni ile yao ya kusema ukifunga ikawaka basi tumemalizana. Nilimtuma mjomba akaikague, nikampa masharti, asilipe mpaka amefungua sampu na kupitisha sumaku chini, asilipe mpaka amezungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima bila kukwama, na ashike shafti ya turbo, ikicheza kidogo pembeni sawa lakini ikiingia na kutoka aondoke. Muuzaji alinuna, akamwambia mjomba unanunua injini au unaoa. Ilipofika tukapima kompresheni, yaani mgandamizo, silinda zote zikakaa kati ya psi 135 na 140, hazijapishana sana na hicho ndo muhimu kuliko namba yenyewe.

Sasa kunyanyua. Kwangu ni Mabatini juu kwenye mawe, gari inafika ila gereji yenye winchi haifiki, na kuivuta tena mjini nilikataa, aibu ya kivuko ilinitosha. Nyuma ya nyumba kuna majabali mawili yamesimama yameachana kama mita tatu, tangu nimejenga nayalaani kwa sababu yamenila kiwanja. Tukalaza juu yake gogo la mkaratusi, tukafunga cheni bloku ya kuazima kwa wavuvi, ile ya kuvutia boti, gari tukaisukuma katikati, na injini ikapanda juu taratibu kama malkia. Majirani walileta viti. Mzee wa Mwaloni alikuja kwa miguu kupanda mlima wote ule, akaangalia mawe, akaangalia gogo, akasema "wabeja", asante ya Kisukuma, akakaa. Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Kabla ya kuishusha ndani tukabadilisha yale ambayo ukisubiri utalia, taimingi belti na roli zake, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krenki. Kwenye belti kaa macho, kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za valvu, ukitoa belti zinaweza kuruka zenyewe na valvu zikagongana, shika kwa spana. Silikoni ya kuzibia maungio weka nyembamba, sio kama unapaka siagi, ikizidi inamenyekea ndani inaenda kuziba chujio la sampu.

Halafu sehemu ninayoipenda. Duka la dawa za mifugo nikanunua sindano kubwa ya kuchanjia ng'ombe, nikajaza oili, nikaingiza kwenye tundu la oili la turbo huku nazungusha feni kwa kidole mpaka ikawa laini. Nikachomoa waya wa sensa ya krenki ili injini isiwake, nikapiga stata sekunde kumi, napumzisha, napiga, napumzisha, mara ya sita taa ya oili ikazima. Hapo ndo nikarudisha waya. Iliwaka mara ya kwanza. Mama watoto akatoka jikoni akasema mbona hailii? Nikamwambia ndo inavyotakiwa mama.

Oili ya kwanza nilimwaga baada ya kilomita 500 nikaipitisha kwenye kanga ileile baada ya kufuliwa, safi. Sasa naweka 5W-40, namwaga kila 4,000, na stiki napima kila Jumamosi kabla sijanywa chai, hata kama jana nimepima. Nikitoka safari nazima baada ya dakika moja ya kuiacha ingurume polepole, abiria wakiuliza nawaambia inapoa, wakicheka wacheke.

Ah, na msisahau namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini nenda ikakaguliwe na trafiki halafu TRA, tunza na risiti ya kununulia. Mimi nilisahau karibu miezi miwili.

Sasa ni zaidi ya kilomita 31,000. Juzi nimepita daraja kwenda Geita, dakika chache tu nimevuka, na nilipofika pale nilipozimika mara ile nikafungua kioo nikasikiliza. Hamna kitu, upepo tu. Krenki ya zamani mzee aliniomba, akaitoboa akafunga kamba, sasa hivi ni nanga ya mtumbwi wake Igombe, na anasema inashika vizuri kuliko jiwe.