Chungwa gani?

Nilitoka soko la Mgandini na kikapu cha nyanya na bamia, nikakuta baiskeli yangu imeota kengele. Phoenix nyeusi, mistari ya dhahabu iliyochujuka, kerea ya chuma, siti imevishwa mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Yote sawasawa na yangu. Ila mie kengele sina, iling'oka tangu mwaka juzi na nimeshazoea kupiga ukelele wa "njia, njia!" kama mchuuzi.

Nikakaa kwenye gunia la muuza nazi nikangoja. Baada ya kama dakika 40 akaja kijana wa samaki, anatweta, anaisukuma baiskeli yangu badala ya kuipanda. "Dada, nisamehe. Nimefika Makorora, mtoto kakatiza, nataka kupiga kengele, kidole kinapapasa tu." Hizi kufuli zetu za duara za gurudumu la nyuma ndivyo zilivyo, ufunguo wa huyu unafungua ya yule. Tulicheka, tukabadilishana, akanipa na vibua viwili vya kuniomba radhi.

Lakini nilipokuwa nimekaa pale kwenye gunia nilijiuliza, huyu asiporudi, nitamwambia nini polisi? Kwamba ni Phoenix nyeusi? Tanga nzima ni Phoenix nyeusi. Mji wetu tambarare, Ngamiani mitaa imepangwa kwa namba, ukitoka Barabara ya 14 huna kilima cha kukutoa jasho mpaka ufike bandarini. Mwanamke kapanda baiskeli na baibui lake, pindo kalikusanya mkono mmoja, wala hakuna anayegeuka kumtazama. Na baiskeli yenyewe ni ile ile iliyotoka Shanghai: ringi za inchi 28, breki za vyuma virefu, mwamba wa juu, rangi nyeusi. Alama pekee ya kwangu ni namba iliyogongwa chini kabisa pale krenki inapopita, na hiyo usomaji wake ni mpaka uipindue baiskeli miguu juu.

Nikamwambia Baba Nasra nataka kuipaka rangi ya chungwa.

"Chungwa gani? Chungwa la Muheza linaiva lingali kijani."

Huyo ndiye mume wangu. Nilimwonyesha kipande cha kitambaa kwenye kapu la vitambaa, akasema aa, hiyo ni rangi ya jaketi la bodaboda. Nikaona nimepata.

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu anapaka, lakini kwa brashi, na rangi zake ni tatu: nyeusi, buluu na nyekundu ya geti. Mie ni fundi cherehani. Nikasema mkono unaokata gauni la harusi hautashindwa na mabomba matano ya chuma. Nikasubiri masika yaishe, mwezi wa sita hewa imekauka kidogo, nikaanza.

Kufungua kulinichukua siku nzima. Kila nilichofungua nilikipiga picha kwanza kwa simu, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya kwa akili kazi yote. Pedali ya kushoto ilinishinda nguvu, nikaikalia spana, nikaiita majina, mpaka shemeji alipopita akasema, "Shemeji, ya kushoto inafunguliwa kinyume." Nyuzi zake zimekatwa kwa kugeuzwa ili ukiwa unakanyaga isijifungue yenyewe njiani. Ilitoka kwa mkono mmoja. Kwenye krenki gololi ni 11 kila upande. Nilizihesabu 11 za kulia, za kushoto nikapata 10, na kuku wa jirani akaonekana anaondoka uani kwa haraka isiyo ya kawaida. Gololi inauzwa bei ya pipi, nikanunua nyingine.

Sasa kukwangua. Nilidhani kupaka rangi ni kupaka. Kati ya siku tisa za kazi hii, kupaka kwenyewe hakukufika saa tatu. Nilianza na msasa namba 80 penye kutu, nikaja 120, nikamalizia na 240 fremu nzima. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri huna haja ya kuitoa mpaka chuma, inatosha kuikwaruza iwe butu, rangi mpya ipate pa kung'ang'ania. Ila kutu haina huruma. Ukiiacha punje moja chini ya rangi, hasa huku kwetu na chumvi hii ya bahari, itatambaa chini kwa chini mpaka rangi ivimbe na kubanduka kama ganda la kidonda. Pale uma unapoingia kwenye fremu nilikuta kutu ya kuweza kuila kwa kijiko.

Msasa niliulowesha maji. Siyo umaridadi. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, sijui ya kwangu imekwisha kupakwa mara ngapi na kwa rangi gani, na Nasra ana miaka minne, kila kitu kwake ni cha kuonja. Vumbi likilowa haliruki. Maji yale machafu nilimwaga mbali na mchicha.

Kisha nikaiosha kwa sabuni na maji baridi mara mbili, kuondoa chumvi, nikaipangusa kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi. Usiiguse tena kwa mkono mtupu, alinieleza muuza rangi. Mie sikuigusa.

Nilipuliza praima, ile rangi ya kutangulia chini, asubuhi ya Jumatatu, saa nne, umande ukiwa umekauka. Ilikaa vizuri kila mahali isipokuwa bomba la juu, pale rangi ikawa inakimbia. Inatua, inafunguka, inaacha vitundu vya mviringo kama macho ya samaki, kimoja, vitano, vingi, na vyote vimepangika vizuri kwa umbo la mkono mdogo. Nilikuwa nimemsuka Nasra asubuhi ile. Kichwa mafuta ya nazi, mikono mafuta ya nazi. Alikuja "kuibariki baiskeli", ndivyo alivyonijibu. Rangi haikai juu ya mafuta, hata kama ni alama ya kiganja tu usiyoiona kwa macho. Nikangoja ikauke, nikakwangua, nikaosha, nikaanza upya.

Hapo nilikuwa nimeining'iniza fremu kwenye mpera kwa kamba ya katani, kwa sababu huwezi kuwa mtu wa Tanga ukakosa kamba ya katani nyumbani. Shuleni tulikaririshwa: mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alileta mkonge, miche iliyosalimika safarini ni 62 tu. Basi hao vijukuu wa ile miche 62 wananyonyoka. Upepo ukipiga, nyuzi zinadondoka kama nywele za bibi na kulala juu ya rangi mbichi. Nilizitoa kwa kibanio cha nyusi, moja moja. Kesho yake nikatundika kwa waya wa kufungia nondo.

Jumatano ikawa siku ya chungwa. Namba ya fremu nilikuwa nimeshaiziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na nyuzi zote za skrubu, na mahali vinapokaa vikombe vya gololi, maana rangi ikiingia humo vitu havirudi. Nikatikisa kopo dakika mbili mpaka kile kigololi cha ndani kikaanza kuimba. Kopo umbali wa shubiri na kidogo, mkono unapita bila kusimama, unaanza kabla ya bomba na kuishia baada ya bomba. Tabaka jembamba, unangoja kama robo saa, jingine. La kwanza linatisha, madoadoa matupu, praima inaonekana chini, unashawishika kujaza. Nilijaza mahali pamoja, karibu na siti, ikatiririka machozi. Bado lipo chozi lile. Nimeliacha, siti inalifunika.

Tabaka la tatu nilichelewa. Mteja alikuja kujaribu gauni, akanipotezea muda na mkono wa kushoto ambao eti umembana, nikatoka uani saa nane. Saa nane upepo umeshaamka. Mie nikawa naufurahia, nasema utakausha haraka. Nilipuliza huku naimba.

Ilikuwa ni mpaka Alhamisi asubuhi mzee wa chumba cha mbele aliponiita. Ameshika kanzu yake nyeupe, ile ya Ijumaa, ameinyoosha mbele yake kwa mabega. Kuanzia kifuani mpaka magotini, upande mmoja, imenyunyiziwa vidoadoa vya chungwa, vidogo vizuri, kama imetoka hivyo kiwandani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, umri wangu wote huu sijavaa kanzu ya maua."

Sikuwa nimeiona kamba ya nguo kabisa. Rangi ya kupuliza hainyooki kwenda ulikoielekeza, sehemu yake inabaki hewani, upepo unaichukua, na inafika bado mbichi. Nilijaribu tina kwenye pindo la ndani kwanza, kwa kitambaa ninajua. Vidoadoa vikalegea, vikaungana, vikawa wingu. Tetroni hiyo, imeshakunywa. Nikaweka kitambaa chini, nikachukua futi yangu shingoni, nikamwomba asimame nimpime. Mzee akasimama kimya, mikono kaitandaza, anatazama uani kwenye mpera.

"Ile ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

Akatazama sana. "Inaonekana," akasema.

Nilishona usiku, mita tatu na nusu, kola na tarizi ya kifua, akaenda nayo msikitini Ijumaa. Nikipiga hesabu, misasa, tina, makopo ya praima na ya rangi na ya vanishi, hivyo vyote pamoja havikuzidi sana bei ya ile kanzu na usiku wangu.

Vanishi nilipuliza Jumamosi, asubuhi, baada ya kupita kila mlango kuuliza nani amefua. Halafu nikaiacha. Ukiigusa inaonekana kavu siku hiyo hiyo, lakini ukiibonyeza kwa kucha inabonyea. Inataka siku nyingi, wiki hata tatu, kuwa ngumu ya kubanwa na vyuma. Nilivumilia wiki moja na siku mbili. Kwa hiyo pale kengele ilipofungwa, kengele mpya, pameshapata alama. Alama hiyo naihesabu ni haki yangu.

Sasa kuhusu kutambulikana. Wiki iliyopita mama mkwe alitaka nikamsaidie kuchambua mchele wa shughuli ya jirani yake kule Duga. Nikamwambia nina sare za shule za kushona, sinyanyui kichwa, na ilikuwa kweli mpaka saa kumi. Saa kumi nikatoka kidogo tu. Nikaegesha baiskeli Raskazone, nikala muhogo wa kukaanga na pilipili, nikatazama Kisiwa cha Toten mpaka jua likalegea, sikumwona mtu yeyote ninayemjua. Nilipokuwa naifungulia mlango wa nyumbani simu ikalia.

"Mama Nasra," akasema mama mkwe, "muhogo ulikuwa mtamu?"