Baiti sita

Juzi binti yangu karudi kutoka Kariakoo na kioo kipya cha simu. Kinang'aa, hakina kasoro, ila kila akiiwasha simu inamwambia kifaa hicho haikitambui.

"Baba, imejuaje?"

Nikacheka peke yangu. Swali hilo lilishanikosesha usingizi, Magomeni, 1995, kwenye meza ya chakula ambayo mama yake alikuwa akiidai kila magharibi.

Nilikuwa na kompyuta ya zamani ya shemeji: prosesa ya Z80, kilobaiti (K) 64 za kumbukumbu, disketi mbili laini zinazopinda kama chapati. Iliendeshwa na CP/M 2.2, kazi ya Gary Kildall, mfumo endeshi wa 1979 ambao DOS, mfumo wa Microsoft, ilikuwa imeshaufukia zamani. Sababu ya maana sikuwa nayo. Nilitaka tu kuufumua wote, kama mtu anavyofumua rasta, halafu niusuke upya. CCP, inayopokea amri, na BDOS, inayoshughulika na mafaili, ukizijumlisha hazifiki hata K 6. Nikajipa wiki mbili. Ikawa miezi minne ya penseli na kauntabuku.

Programu ya kufumulia iliitwa DDT. Ndiyo, kama ile dawa ya wadudu, na jina hilo halikuja kwa bahati mbaya. Ubaya wake, haibagui amri na maneno: ukiielekeza kwenye sentensi ya Kiingereza, itakusomea amri za prosesa bila haya.

Usiku nilioiwasha nakala yangu, A>, alama ya kungoja amri, ikatokea. Nikaandika DIR, orodha ya mafaili ikashuka. Nikapiga kofi mezani, mtoto akaamka. Nikaandika STAT, amri ya kuuliza nafasi iliyobaki kwenye disketi.

Kimya. Taa ya disketi haikuwaka. Kibodi imekufa. Nikazima, nikawasha: DIR sawa, STAT kimya.

Siku ya tatu nikarudi kwenye mstari mmoja wa kauntabuku: LXI H,76F3, yaani prosesa ishike namba 76F3. Pembeni nilikuwa nimeandika "anwani ya nini?" maana kule 76F3 kwenye kumbukumbu hakukuwa na kitu. Mstari unaofuata ulikwenda kuipachika namba hiyo mwanzoni kabisa mwa CCP, kisha prosesa inarukia hapohapo. Nilikaa na penseli mdomoni. Prosesa hii huanza kuandika baiti, yaani tarakimu mbili, ya nyuma: kwanza F3, halafu 76. Haikuwa anwani. Zilikuwa amri mbili. F3 ni DI, ziba masikio. 76 ni HLT, simama.

Kumbe haikuwa imeharibika. Ilikuwa inajitia kitanzi kwa makusudi.

Juu yake kulikuwa na ukaguzi: baiti sita za CCP zinalinganishwa na sita zilizo mwanzoni mwa BDOS. Ni namba ya nakala. Zisipolingana, vipande hivyo si ndugu. Zile za BDOS nilikuwa nimeziona, nikazidhani takataka, nikajaza sifuri. DIR imo ndani ya CCP yenyewe, haiulizwi. STAT inatoka kwenye disketi, na kabla ya kuitafuta lazima ukaguzi upite.

Ningeweza kuweka C9, yaani rudi, mlangoni mwa ukaguzi, mambo yakaisha. Sikuweka. Nilinakili baiti sita za disketi ya shemeji, STAT ikanipa nafasi iliyobaki, nikaenda kulala.

Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulifoji."

Nikamwambia nilikuwa natafuta nakala inayofanana, na namba nayo ni sehemu ya nakala. Nilivyolisema, hata mimi halikunikaa vizuri.

"Basi fundi naye angenakili namba ya kioo changu cha zamani."

"Kipo?"

Kipo, kimefungwa kwenye gazeti. Nimekiweka kabatini, juu ya ile kauntabuku.