Vumbi la Newala juu ya Sherman

Kifaru changu cha Sherman, kile cha Kimarekani, ni cha plastiki, cha kuunganisha mezani, na hakina mzinga. Nimekivua kichwa chote makusudi, maana nataka karanga, sitaki vita. Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga Tanganyika mwaka 1947, kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mpango ukafa 1951, sisi tukabaki na bandari ya Mtwara. Basi nami naliunda trekta langu hapa Shangani, Mtwara, kwa kipimo cha 1:35, yaani dogo mara 35 kuliko la kweli.

Praima kwanza, ile rangi ya chini inayoshika rangi ya juu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na thina, ile dawa ya kulegeza rangi, inaporuka hupoza uso wa plastiki. Mvuke wa hewani ukigeuka maji pale, rangi inatoka na ukungu mweupe. Kwa hiyo napuliza saa nane mchana, kivulini, mlango wa upande wa bahari nimeufunga. Natumia praima ya kijivu ya magari. Nailegeza sana, napiga mikono myepesi, maana ukiimwaga kwa pupa thina inakula plastiki. Rangi ya juu siisemei, kila mtu na kopo lake.

Utamu uko kwenye uchafu. Maelekezo mengi ya kwenye boksi yanakupa tope la Ulaya, kijivu-kahawia. Tope hilo nani kaliona njia ya Newala? Shemeji akishuka na korosho, namwagizia kikopo cha udongo mwekundu. Naukausha, nautwanga, nauchuja kwa soksi ya nailoni. Lazima uwe unga kabisa: punje ya milimita 1 kwa kipimo hiki ni jiwe la sentimita 3.5, na vumbi gani lina mawe hayo? Halafu nachanganya na unga wa chaki, kwa sababu udongo ukishikizwa kwa vanishi hukolea kuliko unavyouona mkononi.

Minyororo watu wengi huipaka kutu kote. Trekta linalofanya kazi, chuma kinachosuguana na ardhi hung'aa. Kutu hubaki kwenye mifereji. Napaka kahawia iliyokoza, kisha nasugua sehemu zilizoinuka kwa penseli laini.

Mtoto wa jirani kaja jana: "Mjomba, si ulishalipaka vizuri? Mbona unalichafua tena?" Nimemtuma akatazame trekta lolote msimu wa kulima.

Kilichobaki ni dereva. Wa kwenye boksi wote wamevaa kofia za kivita, kwa hiyo leo nachonga pama.